Baiskeli Zilizotoka Stoo: Historia ya Uhaba wa Wakati wa UVIKO-19

Uhaba wa baiskeli uliozikumba Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuanzia Aprili 2020 kwa kawaida huhesabiwa kuwa tokeo la janga la UVIKO-19, lakini huko Marekani maghala yalikuwa yamekwisha kupungua mizigo kabla virusi hivyo havijajulikana, na chanzo chake kilikuwa forodhani. Nchi hiyo, ambayo karibu baiskeli zake zote hutoka nje na sehemu kubwa hutoka China, ilianza Septemba 2018 kuzitoza bidhaa nyingi za China, baiskeli zikiwemo, ushuru wa nyongeza wa asilimia 10, ambao Mei 2019 ulipandishwa kufikia asilimia 25, na nyongeza hiyo ilikaa juu ya ushuru wa kawaida ambao kwa baadhi ya aina za baiskeli ulikuwa tayari asilimia 11. Waagizaji, walipoona bei zinapanda na wateja wanasitasita, walipunguza oda zao na kuuza kwanza walichokuwa nacho. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2020, viwanda vya China, ambavyo kila mwaka hufungwa kwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, vilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa umezuka Wuhan, hivyo mizigo iliyotakiwa kufika madukani kabla hali ya hewa haijapata joto haikufika kwa wakati.

Ndipo ukaja mwezi wa Machi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 kwamba ugonjwa huo ulikuwa umefikia kiwango cha janga la dunia. Ufaransa iliwafungia watu wake ndani tarehe 17, na Uingereza ikafuata tarehe 23. Kumbi za mazoezi zilifungwa, viwanja vya michezo vilifungwa, na mabasi na treni, ambazo jana yake zilikuwa usafiri wa kawaida, zikageuka kuwa mahali pa kuogopwa. Barabara, kwa upande mwingine, zilibaki tupu kiasi ambacho waliokuwa wakihofia magari kwa miaka mingi hawakuwa tena na cha kuhofia. Serikali ya Uingereza iliruhusu watu kutoka mara moja kwa siku kufanya mazoezi, baiskeli ikitajwa waziwazi, na iliyaweka maduka ya baiskeli katika orodha ya biashara zilizoruhusiwa kubaki wazi pamoja na maduka ya dawa na ya vyakula. Haikuwa hivyo kila mahali: Hispania, yenye jadi kubwa ya mbio za baiskeli, iliwakataza watu wazima kuendesha kwa ajili ya mazoezi hadi tarehe 2 Mei, na waendeshaji wake mashuhuri walibaki wakizungusha pedali vyumbani juu ya mashine zisizokwenda popote.

Takwimu za biashara za Marekani zinaonyesha vyema ni nani aliyekuwa akinunua. Kwa hesabu za kampuni ya utafiti wa masoko ya NPD, mwezi Machi 2020 mauzo ya baiskeli za matembezi, yaani zile za bei nafuu zenye usukani wa juu na kiti kipana, yaliongezeka kwa asilimia 121 yakilinganishwa na Machi ya mwaka uliotangulia. Ya baiskeli za watoto yaliongezeka kwa asilimia 59. Mwezi Aprili mauzo ya baiskeli na vifaa vyake vyote yalifikia dola bilioni 1, ongezeko la asilimia 75. Waliomaliza bidhaa madukani, kwa hiyo, hawakuwa wanamichezo wenye kutafuta fremu nyepesi za nyuzi za kaboni, bali wazazi waliokuwa na watoto wasio na shule, wafanyakazi wa ofisini waliofungiwa sebuleni, na wazee waliokumbuka kwamba zamani waliwahi kuendesha. Baiskeli za bei ya chini ziliisha kwanza, katika maduka makubwa ya Walmart na Target na katika maduka madogo ya mitaani vilevile, na zile za bei ghali zilikaa muda mrefu zaidi.

Nchini Uingereza, Wizara ya Uchukuzi ilikadiria kwamba umbali ulioendeshwa kwa baiskeli mwaka 2020 ulifikia maili bilioni 5, ongezeko la takriban asilimia 46 kwa mwaka mmoja, wakati mwendo wa magari ulishuka kwa zaidi ya moja ya tano, yaani kwa kadiri ya asilimia 21. Magazeti yaliipokea habari hiyo kama mapinduzi. Mwanahistoria anapaswa kuwa mgumu zaidi wa kushawishika, kwa kuwa mwaka 1949 Waingereza waliendesha zaidi ya maili bilioni 14, wakati ambapo baiskeli ilikuwa usafiri wa mfanyakazi wa kiwandani na hakuna aliyeihesabu kuwa burudani. Kilichotokea mwaka 2020 kilikuwa kurudi kwa sehemu tu ya kile kilichokuwa kimepotea. Uganda nayo, katika majuma yaleyale Ulaya ilipojifungia ndani, ilipiga marufuku usafiri wa umma tarehe 25 Machi, na siku chache baadaye magari binafsi. Wakazi wa Kampala waliolazimika kufika kazini walitembea kwa miguu au walipanda baiskeli, wala haikumpitikia mtu kwamba huko ni kugundua upya chochote. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki baiskeli haikuwahi kuacha kubeba maji, mkaa na ndizi. Kugunduliwa upya ni bahati ya kile kilichokwisha kusahauliwa.

Na huko kilikokuwa kimesahauliwa, hakikuwa kimetupwa. Aliyefika dukani akaambiwa asubiri miezi mitatu alirudi nyumbani akafungua stoo au gereji, na mara nyingi alichokikuta humo kilikuwa mabaki ya wimbi jingine la miaka hamsini nyuma. Kati ya mwaka 1970 na 1973 mauzo ya baiskeli Marekani yalipanda kutoka takriban milioni 7 kwa mwaka hadi milioni 15, na kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa karne ya 19 wanunuzi wengi walikuwa watu wazima. Walichotaka ni baiskeli ya gia kumi, yaani yenye magurudumu mawili ya meno mbele na matano nyuma, ambayo mnyororo wake husukumwa kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine na kifaa kidogo chenye springi kiitwacho direla. Wakati huo pia bidhaa zilikwisha madukani. Watengenezaji wa vipuri wa Ulaya, kama vile Simplex na Huret wa Ufaransa, hawakuweza kukidhi mahitaji, na pengo hilo likazibwa na Wajapani wawili ambao Wamarekani wengi hawakuwa wamewasikia, SunTour na Shimano, ambao vifaa vyao vilikuwa rahisi na, kama waendeshaji walivyobaini upesi, vilifanya kazi vizuri kuliko vya Ulaya vya bei hiyohiyo. Mwaka 1975 wimbi lilikuwa limepita na mauzo yalishuka hadi milioni 7 na kitu. Wajapani walibaki.

Baadaye viwanda navyo vilihama. Kampuni ya Schwinn ya Chicago, iliyokuwa jina kubwa kuliko yote katika baiskeli za Kimarekani, ilikumbwa mwaka 1980 na mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda chake, ikahamishia sehemu kubwa ya kazi kwa kampuni ya Giant, iliyokuwa imeanzishwa Taiwan mwaka 1972. Na kutoka Taiwan utengenezaji wa baiskeli za bei nafuu ulivuka kwenda China bara. Hapa ndipo ulipofungwa uzi unaoiunganisha miaka ya 1970 na mwaka 2020, kwani uhaba wa kwanza ndio uliotengeneza ule mfumo wa ugavi ambao uhaba wa pili uliukuta ukining'inia juu ya viwanda vichache vya mbali.

Kuifufua baiskeli iliyolala miaka thelathini au arobaini si jambo la kujaza upepo tu. Mpira wa tairi hukauka na kupasuka pembeni hata kama haujatembea. Grisi iliyozunguka gololi ndani ya vitovu vya magurudumu hugeuka kuwa kitu kigumu kama nta, na gololi zinazosagana pasipo kilainishi hula njia zake. Nyaya za breki hushika kutu ndani ya mifuko yake. Na mpini wa usukani, ukiwa wa alumini ndani ya bomba la chuma la uma wa mbele, huweza kushikana nalo kiasi cha kukataa kutoka. Hayo yote fundi mwenye subira huyamaliza kwa spana, mafuta ya taa na grisi mpya. Tatizo kubwa zaidi ni vipimo. Baiskeli nyingi za gia kumi zilizouzwa Marekani zilikuwa na tairi zilizoitwa za inchi 27, ambazo rimu yake, pale tairi linapokalia, ina kipenyo cha milimita 630, ilhali baiskeli za siku hizi za aina hiyo hutumia kipimo kiitwacho 700C, chenye milimita 622. Tofauti ni milimita 8 tu, na jicho haliioni, lakini tairi la moja haliwezi kuvaa katika nyingine. Anayebadili magurudumu hana budi kuhakikisha kwamba mikono ya breki inafika milimita 4 chini zaidi, la sivyo pedi za breki zitasugua tairi badala ya rimu.

Ekseli ya kranki, ile inayobeba mikono ya pedali, ilikuwa na visa vyake. Katika fremu za kipimo cha Kiingereza, kikombe cha gololi cha upande wa kulia hufungwa kwa hesi ya kinyume, ili mzunguko wa pedali usikilegeze; katika fremu nyingi za Kifaransa za wakati ule, zikiwemo za Peugeot zilizouzwa kwa wingi Marekani, pande zote mbili zina hesi ya kawaida, na kipenyo chake ni milimita 35. Raleigh ya Nottingham, ambayo jina lake linajulikana hadi vijiji vya ndani vya Tanzania na Kenya, ilikuwa na hesi yake yenyewe isiyolingana na ya Mwingereza mwenzake. Aliyenunua kifaa bila kupima aliharibu hesi ya fremu, na fremu iliyoharibika hesi mara nyingi huishia kuwa chuma chakavu. Maarifa haya yalikuwa yamebaki kwa mafundi wazee na katika maandishi ya watu wachache, hasa Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, ambaye alikuwa ameyaorodhesha vipimo hivyo kwa uangalifu wa mtunza nyaraka. Na miaka kumi na miwili baada ya kifo chake, watu ambao hawakuwa wamewahi kushika spana waliyasoma wakiwa wamepiga magoti gerejini. Ni katika hatua hii, kuliko katika foleni za madukani, ambapo kuendesha baiskeli kuligeuka kuwa burudani yenye mizizi, kwani aliyefungua kitovu cha gurudumu kwa mikono yake na kukifunga tena aliijua baiskeli yake kwa namna ambayo mnunuzi wa mpya hakuijua. Wahenga walisema kimfaacho mtu chake.

Serikali mbili zililitambua jambo hilo mapema. Ufaransa, ilipowafungulia watu wake tarehe 11 Mei 2020, ilianzisha mpango ulioitwa Coup de pouce vélo, ambao ulimlipia kila mwenye baiskeli hadi euro 50 za matengenezo kwa fundi aliyesajiliwa, fundi naye akirudishiwa fedha zake na mpango. Fungu la awali lilikuwa la euro milioni 20 kwa shughuli zote. Mahitaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba liliongezwa zaidi ya mara moja, na kufikia mwisho wa mwaka baiskeli zaidi ya milioni moja zilikuwa zimepita mikononi mwa mafundi. Uingereza iliiga mwishoni mwa Julai kwa hati za paundi 50, za kwanza zikiwa 50,000. Waombaji walikuwa wengi mno hata mfumo wa kuziomba ukazidiwa siku ya kwanza. Fedha hizo hazikuwa nyingi zikipimwa kwa bajeti za wizara, na pengine hakuna fedha za umma za mwaka ule zilizowaweka watu wengi barabarani kwa gharama ndogo hivyo, kwa sababu hazikuhitaji kiwanda kipya wala meli, zilihitaji fundi, tyubu na jozi ya nyaya.

Ila tyubu na nyaya nazo zilianza kukosekana. Shimano, iliyoanzishwa mwaka 1921 mjini Sakai karibu na Osaka kwa kutengeneza magurudumu ya meno ya nyuma, ndiyo inayotawala soko la dunia la gia na breki za baiskeli, na kiwanda chake cha Malaysia kilisimama pale nchi hiyo ilipoweka amri ya kuzuia mizunguko ya watu tarehe 18 Machi 2020. Singapore, ambako pia inatengeneza, iliweka vizuizi vyake Aprili. Baiskeli ina sehemu nyingi zinazotoka kwa watengenezaji tofauti, na kukosekana kwa moja tu, hata iwe mnyororo au kiti, hufanya zote zilizobaki zikae kiwandani zikingoja. Viwanda vilipofunguka, oda zilikuwa zimerundikana. Muda wa kusubiri, yaani siku zinazopita kati ya kuagiza kifaa na kukipokea, ambao zamani ulihesabiwa kwa majuma au miezi michache, ulizidi mwaka mmoja kwa vifaa kadhaa katika mwaka 2021. Makontena yalikuwa haba na nauli zake za baharini zilipanda mara kadhaa, na meli Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kutoka tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, ilizuia kwa siku sita njia ambayo sehemu kubwa ya mizigo ya Asia hupitia kwenda Ulaya. Mauzo ya Shimano, hata hivyo, yalipanda kutoka yeni bilioni 378 mwaka 2020 hadi bilioni 546 mwaka 2021, kisha karibu bilioni 629 mwaka 2022.

Takwimu hizo zilificha kosa. Wataalamu wa ugavi wana jina la mwenendo huu, athari ya mjeledi, wakimaanisha kwamba mtikisiko mdogo mkononi mwa mteja huwa mkubwa unapofika ncha ya mbali ya mnyororo wa ugavi. Mwenye duka aliyehitaji baiskeli kumi na kujua kwamba atapewa tano aliagiza ishirini, na akaziagiza kwa wasambazaji wawili. Msambazaji, akiona oda zimeongezeka, naye aliongeza zake. Mtengenezaji akajenga na kuajiri kwa mahitaji ambayo sehemu yake haikuwapo. Kila mmoja alitenda kwa busara ya hapo alipo. Ujerumani ilikuwa imeuza baiskeli milioni 5 mwaka 2020, karibu milioni 2 zikiwa za umeme, na wawekezaji waliamini kwamba mstari huo utaendelea kupanda: mwaka 2022 kundi lililoongozwa na kampuni ya uwekezaji ya KKR lilinunua Accell ya Uholanzi, mmiliki wa Raleigh ileile ya Nottingham, kwa takriban euro bilioni 1.56. Ununuzi huo ulikamilika wakati mbaya kuliko wote. Magari yalikuwa yamerudi barabarani, watu walikuwa wamerudi ofisini, mfumuko wa bei ulikuwa umebana matumizi, na aliyenunua baiskeli mwaka 2020 hakuwa na sababu ya kununua nyingine mwaka 2022, kwani baiskeli nzuri hudumu. Hapo ndipo mizigo yote iliyoagizwa mara mbili ilipowasili.

Maghala yaliyokuwa matupu yakajaa hadi mlangoni, na bei zikakatwa chini ya gharama. VanMoof ya Amsterdam, iliyotengeneza baiskeli za umeme zilizosifiwa kwa umbo lake, ilitangazwa kufilisika Julai 2023. Wiggle Chain Reaction, muuzaji mkubwa wa Uingereza kwa njia ya intaneti, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Oktoba mwaka huohuo baada ya kampuni mama yake kukwama kifedha. Mauzo ya Shimano yalishuka mwaka 2023 hadi yeni bilioni 474, pungufu ya takriban robo. Walioutazama ugunduzi upya wa baiskeli kupitia vitabu vya mauzo walihitimisha kwamba ulikuwa umekwisha.

Hitimisho hilo lilipima kitu kisicho chenyewe. Kuuza baiskeli na kuendesha baiskeli ni mambo mawili, na la pili lilitegemea zaidi kile miji ilichokifanya na barabara zake wakati zilipokuwa tupu. Bogotá, ambayo tangu mwaka 1974 imekuwa na desturi ya kufunga barabara zake kuu kwa magari siku za Jumapili, ilitandaza njia za muda za baiskeli kwa koni za plastiki katikati ya Machi 2020, na makumi ya kilomita za njia hizo zilifanywa za kudumu. Berlin ilifuata mwishoni mwa mwezi huo katika wilaya ya Friedrichshain-Kreuzberg, kwa rangi ya njano na vizuizi vya wajenzi wa barabara. Paris, chini ya Meya Anne Hidalgo, ilichora takriban kilomita 50 za njia za namna hiyo na kuikabidhi sehemu kubwa ya barabara ya Rivoli kwa baiskeli, kisha ikaanza kubadilisha njia za rangi kuwa za kudumu. Mahali koni zilipoondolewa kwa malalamiko ya wenye magari, kama ilivyokuwa katika mitaa kadhaa ya London, wengi wa waendeshaji wapya hawakuwa na pa kuendesha, na baiskeli zilirudi stoo. Paris ilitoa jibu tofauti: uchunguzi wa safari uliofanywa kati ya Oktoba 2022 na Aprili 2023 na kuchapishwa mwaka 2024 na Institut Paris Region ulionyesha kwamba asilimia 11.2 ya safari zote za ndani ya jiji zilifanywa kwa baiskeli, na asilimia 4.3 kwa gari.